Baraza la Chuo na Neno la Mwalimu

Kila uhuru una mlinzi wake. Uhuru wa mwili hulindwa na sheria; uhuru wa kumiliki mali hulindwa kwa hati na mashahidi; uhuru wa nchi hulindwa na raia wake wote, wakubwa kwa wadogo. Lakini uko uhuru mmoja ambao watu wengi hawaujui hata kwa jina, nao ni uhuru wa mwalimu wa chuo na mwanafunzi wake kuutafuta ukweli, kuufundisha na kuuandika, bila ya kuogopa kwamba kesho watanyimwa kazi au masomo kwa sababu ya waliyoyasema leo. Uhuru huo huitwa uhuru wa taaluma. Mlinzi wake wa kwanza hana bunduki wala joho la hakimu. Ni watu watano au saba walioketi kuizunguka meza katika chumba kimoja cha chuo, wana karatasi mbele yao, na katika karatasi hizo mna lalamiko la mtu mmoja juu ya mwingine. Watu hao huitwa kamati. Swali ninalotaka tulipime pamoja, ewe msomaji, ni hili: kamati hiyo inapoletewa lalamiko kwamba uhuru wa taaluma umevunjwa, wajibu wake hasa ni nini? Je, ni kuamua kama mwalimu alisema kweli, au ni kuamua jambo jingine?

Usiseme upesi kwamba jambo hili liko mbali nawe. Huenda sasa unasoma katika shule ya sekondari huko Molo, Gilgil au Naivasha, na chuo kwako ni ndoto ya miaka michache ijayo. Lakini popote alipo mtu mmoja mwenye neno la kusema na mwingine mwenye uwezo wa kumnyamazisha, swali hili lipo. Lipo katika mdahalo wa shule, lipo katika kikao cha viranja, lipo hata nyumbani. Chuoni huonekana vizuri zaidi kwa sababu kazi ya chuo ni maneno na hoja, kama vile kazi ya shamba ilivyo mbegu na udongo.

Natutazame kwanza mahali penyewe. Ukitoka Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ukashika njia ya kuelekea Njoro, utafika penye Chuo Kikuu cha Egerton. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1939 na Lord Maurice Egerton, kikiwa shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu waliotaka kuwa wakulima katika nchi hii. Baadaye kilikuwa chuo cha kilimo, kikafungua milango yake kwa vijana wa Kiafrika, na mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili. Hivyo elimu yake ilianza kwa maswali ya mkulima: ngano hii hupandwa lini, ng'ombe huyu huugua nini, udongo huu unakosa nini? Hayo ni maswali mema, tena hayamkasirishi mtu. Lakini elimu haina ua wa kuizuia. Mtu akiisha kuuliza ngano hupandwa vipi, yuko mwingine atakayeuliza shamba lenyewe lilikuwa la nani kabla ya ngano. Swali la kwanza hupata jibu katika mfuko wa mbolea. Swali la pili huamsha vijiji vizima. Na chuo kilicho chuo kweli hakiwezi kulikaribisha la kwanza na kulifungia mlango la pili.

Kwa sababu hiyo wanazuoni wa Afrika waliona hapana budi uhuru huu uandikwe. Mwaka 1990 walitoa maazimio mawili juu yake, la kwanza Dar es Salaam katika mwezi wa Aprili, la pili Kampala katika mwezi wa Novemba. Nayo yote mawili, katika majina yake tu, yaliutaja uhuru pamoja na wajibu kwa jamii, ili mtu asidhani kwamba kimoja chaweza kuishi bila ya kingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, iliuhesabu uhuru wa taaluma na wa utafiti wa kisayansi kuwa sehemu ya uhuru wa kujieleza. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ikaongeza kwamba mwalimu wa chuo kikuu ana uhuru, ndani ya mipaka ya sheria, kuyahoji yale yaliyokwisha kukubaliwa na wengi, kuleta mawazo mapya, na kutoa maoni yasiyopendwa, wala chuo kisimtendee vibaya kwa sababu hiyo. Ni maneno mazuri. Lakini sheria iliyoandikwa ni kama jembe lililoegemezwa ukutani; halilimi mpaka lishikwe na mikono. Mikono yenyewe ni ile kamati.

Sasa nitatunga mfano, maana jambo la namna hii halifahamiki vema likibaki hewani. Mfano huu si habari ya chuo fulani wala ya mtu fulani. Tuseme katika chuo kimoja cha bonde letu yuko mwalimu wa historia anayefundisha habari za ardhi ya Bonde la Ufa. Anaeleza mkataba wa mwaka 1904, ambao kwa huo Wamaasai waliondolewa Naivasha na sehemu nyingine za bonde ili walowezi wapate ardhi karibu na reli. Anaeleza mkataba wa mwaka 1911, uliowahamisha tena kutoka Laikipia kwenda kusini. Anaeleza maisha ya maskwota katika mashamba ya wazungu, kisha mipango ya makazi baada ya uhuru wa mwaka 1963, kisha mapigano ya mwaka 1992 na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mwisho wa somo anawapa wanafunzi swali la kujadili: nani ana haki juu ya ardhi hii, na kwa ushahidi gani?

Katika darasa hilo wameketi watoto wa nyumba nyingi. Wamo ambao wazazi wao walikimbia usiku katika Januari 2008, wakilala katika hema. Wamo ambao babu zao walinunua shamba kwa jasho lao, na ambao babu zao walifukuzwa katika shamba hilo hilo. Mjadala unawaka. Binti mmoja anatoka darasani akilia, kwa kuwa ameona jamaa zake wametajwa kama wezi. Habari inafika nyumbani, na mwamba ngoma huvutia kwake. Siku ya tatu ujumbe wa wazazi unafika chuoni. Mkuu wa idara, kwa kuogopa ghasia na kwa kutaka amani, anamnyang'anya mwalimu somo lile katikati ya muhula bila ya kumwuliza neno. Basi kamati inapokea barua mbili. Mwalimu anaandika: uhuru wangu wa taaluma umevunjwa. Wanafunzi wanaandika: mwalimu ametutukana. Ungalikuwa mwenyekiti wa kamati hiyo, ungalifanya nini?

Njia za kupotea ni tatu. Ya kwanza ni kufuata penye kelele nyingi, kumwacha mwalimu aende zake ili wazazi warudi kwao wameridhika. Ya pili ni kinyume chake, kumkinga mwalimu kwa kuwa ni mwenzetu, na kumwambia binti yule kwamba machozi hayana nafasi katika elimu. Njia hizi mbili ubovu wake uko wazi, wala hazihitaji maneno mengi. Ya tatu ndiyo yenye hila, kwa sababu inafanana na haki. Ni pale kamati inapojifanya mahakama ya historia, ikaagiza vitabu, ikasoma mikataba, kisha ikapiga kura: mwalimu amesema kweli, au mwalimu amesema uongo. Wanakamati wanaofanya hivyo huona wamejitahidi sana. Lakini fikiri, msomaji. Kura yaweza kumchagua mwenyekiti; haiwezi kuubadili mwaka wa mkataba. Watu watano wakiinua mikono na wawili wasiinue, ukweli wa jambo hauongezeki wala haupungui. Na siku kamati itakapopewa uwezo wa kutangaza lililo kweli, mwalimu hatatafuta tena ushahidi. Atatafuta urafiki wa wanakamati.

Basi wajibu wa kamati ni nini? Nasema kwamba kamati haikuwekwa kulihukumu wazo, bali kuhukumu namna wazo lilivyotendewa. Je, lilijibiwa kwa hoja, au lilizimwa kwa nguvu? Hili ndilo swali lake, na ni swali linaloweza kujibiwa na watu wasiokuwa mabingwa wa historia. Kwa upande wa mwalimu itauliza: aliwaonyesha wanafunzi ushahidi wake, au aliwapa maneno matupu? Aliwaacha wampinge? Alitoa alama kwa ubora wa hoja, au kwa kukubaliana naye? Alilifundisha jambo, au alitumia darasa kuchochea chuki? Kwa upande wa mkuu wa idara itauliza: alimwita mwalimu akamsikiliza kabla ya kumnyang'anya somo? Alimpa sababu? Alitumia uwezo gani, na ni nani aliyempa? Hakuwa na njia nyingine iliyo nyepesi zaidi, kama kuukutanisha ujumbe wa wazazi na mwalimu? Maswali haya yana majibu. Yanatoka katika barua, katika daftari za wanafunzi, katika karatasi zilizosahihishwa, na katika vinywa vya walioshuhudia.

Yako mambo mawili katika historia ya nchi yetu yanayonionyesha tofauti ya hoja na nguvu, nayo yalitukia katika chuo kimoja na karibu katika majira mamoja. Mwaka 1968 Nairobi ilikuwa na chuo kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Waalimu watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye siku hizo akiitwa James Ngugi, pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza iondolewe, na mahali pake iwekwe idara itakayoanza na fasihi ya Afrika. Lilikuwa neno zito, na kwa wengine lilikuwa neno la kuchukiza. Lakini lilipita katika njia ya chuo: lilikuwa ni jibu kwa mapendekezo yaliyokwisha kupelekwa mbele ya baraza la kitivo, likasomwa, likabishaniwa. Mwishowe mafunzo ya fasihi yalibadilika, na mabadiliko hayo yakajulikana mbali sana na Nairobi. Walioshindwa katika hoja hawakufungwa, wala walioshinda hawakutumia askari.

Miezi michache baadaye, Januari 1969, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Oginga Odinga, aliyekuwa kiongozi wa chama cha upinzani, alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa chuo hicho hicho, akazuiwa. Wanafunzi walipinga, na chuo kikafungwa. Ngũgĩ alijiuzulu kazi yake kwa kulalamika kwamba uhuru wa taaluma umekanyagwa. Alirudi kufundisha baadaye, akawa mkuu wa Idara ya Fasihi, lakini mwishoni mwa Desemba 1977 alikamatwa akawekwa kizuizini bila ya kufikishwa mbele ya hakimu. Alipofunguliwa Desemba 1978 hakurudishiwa kazi yake ya chuo. Pima mwenyewe. Katika jambo la 1968 kila upande ulilazimika kusema sababu zake, na hata leo twaweza kuzisoma na kuzipima. Katika jambo la 1969 na lile la 1977, neno lilikutana na amri, na amri haikuona haja ya kueleza sababu.

Kamati basi huwekwa ili jambo la pili lisiwe desturi. Lakini haitafaa kitu isipokuwa imeshika kanuni chache, ambazo si ngumu kuzitaja ingawa ni ngumu kuzitenda. Lalamiko liandikwe, litaje tendo, siku na mtu, maana tuhuma isiyo na siku haina jibu. Aliyelalamikiwa aonyeshwe lalamiko zima, apewe muda wa kujibu. Pande zote mbili zisikilizwe na watu wale wale. Aliye na sehemu katika ugomvi asikae katika kiti cha uamuzi. Wahenga walikwisha kutuonya juu ya kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Uamuzi utolewe kwa maandishi pamoja na sababu zake, na asiyeridhika awe na mahali pa kukata rufani. Hata Katiba yetu, katika kifungu cha 47, yadai kwamba matendo ya utawala yawe ya haki na yafuate utaratibu, na mtu aliyeumizwa na tendo hilo apewe sababu kwa maandishi.

Kanuni hizi zina adui wawili wanaokaa ndani ya kamati yenyewe. Adui wa kwanza ni woga. Mwanakamati naye ni mfanyakazi wa chuo; ana mkopo wa nyumba, ana watoto shuleni, anangoja kupandishwa cheo, na cheo hicho kimo mkononi mwa wakubwa ambao pengine ndio waliolalamikiwa. Ni rahisi kwetu tulio nje kusema awe jasiri. Ni bora zaidi chuo kijitungie utaratibu ambao hautaki ushujaa mwingi, wanakamati wachaguliwe na wenzao badala ya kuteuliwa na mkuu, na muda wao wa kukaa ujulikane. Haikuwa kazi bure kwamba waalimu wa vyuo vikuu vya umma waligoma mwaka 1993 wakidai chama chao kiandikishwe, wakavumilia hasara nyingi, na kukipata mwaka 2003. Mtu mmoja mwenye haki peke yake ni kama ufito nje ya ua, huvunjwa upesi.

Adui wa pili ni uvivu unaovaa nguo ya busara. Kamati hukutana, hunywa chai, huandika katika kumbukumbu kwamba lalamiko limepokelewa, kisha huahirisha. Muhula hupita. Mwaka hupita. Mwalimu aliyelalamika mkataba wake humalizika, wanafunzi walioumia humaliza masomo yao, na lalamiko hufa katika faili bila ya mtu kulihukumu. Kamati ya namna hii haikumfukuza mtu, wala haikumtukana mtu. Na hata hivyo imekwisha kutoa hukumu yake. Waalimu wengine wameiona na kuifahamu. Mwaka unaofuata swali la ardhi halitaulizwa darasani. Hakuna aliyelikataza. Limeachwa tu, na darasa limekuwa tulivu, na utulivu huo hudhaniwa kuwa amani.

Najua uko msomaji atakayenipinga, na ana haki ya kupinga. Atasema: wewe wasifu maneno, lakini sisi wa Nakuru na Naivasha tuliona katika Januari 2008 maneno yalivyokuwa mapanga. Katika Kenya nzima walikufa watu zaidi ya elfu moja, na mamia ya maelfu walihama makwao. Je, si afadhali mwalimu mmoja anyamaze kuliko kijiji kimoja kuungua? Hoja hii siidharau. Imetoka katika makaburi. Na sheria nayo haikuidharau, kwa kuwa kifungu kile kile cha 33 cha Katiba kinachotoa uhuru kinasema kwamba uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa fujo wala matamshi ya chuki. Lakini mwalimu na mchochezi hawafanani, hata wakitaja jambo moja. Mwalimu husema: tazama ushahidi huu, kisha unijibu. Mchochezi husema: tazama jirani yako, kisha umfukuze. Mwalimu huacha mlango wazi kwa jibu; mchochezi huufunga, maana jibu ndilo analoliogopa. Kamati inayoyatazama matendo kwa makini yaweza kuwapambanua hawa wawili. Kamati inayotazama mada tu haiwezi, nayo itawanyamazisha wote wawili. Ndipo mchochezi atakapokwenda kusemea gizani, mahali ambapo hakuna mwalimu wa kumjibu.

Tena, lalamiko lisilosikilizwa halifi. Jambo hili limo katika historia ile ile aliyokuwa akiifundisha mwalimu wa mfano wetu. Mwaka 1913 Wamaasai, wakiongozwa na Ole Njogo, walikwenda mahakamani kuulalamikia mkataba wa 1911. Mahakama haikuamua kama walidhulumiwa au hawakudhulumiwa. Ilisema mikataba ile ni mapatano ya dola na dola, na kwa hiyo si shauri la kusikilizwa na mahakama za nchi. Shauri likatupwa mlangoni. Lakini mwaka 2004, miaka mia moja baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai walikuwa wakiudai tena haki yao hadharani, huko Laikipia na Nairobi. Wangalisikilizwa wakashindwa kwa sababu zilizoelezwa, pengine wangaliumia. Lakini mtu aliyeshindwa baada ya kusikilizwa na mtu aliyefungiwa mlango hawana jeraha la namna moja.

Mto Njoro huteremka kutoka katika miinuko ya Mau, hupita karibu na chuo kile cha Egerton, na kuishia katika Ziwa Nakuru. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Yote yanayoingia, yakiwa maji, yakiwa taka, hubaki humo. Jua huyakausha maji, na magadi hubaki. Chuo kisichokuwa na kamati ya haki ni kama ziwa hilo. Manung'uniko yanaingia kila mwaka na hayana pa kutokea, mpaka maji yake hayanyweki.

Turudi kwenye barua zetu mbili tuone kamati ya haki ingaliandika nini. Nadhani ingaliandika kwamba swali la mwalimu lilikuwa swali la elimu, lenye ushahidi, na kwamba kunyang'anywa somo bila ya kusikilizwa kulikuwa kosa. Basi arudishiwe somo lake. Ingaliandika pia kwamba binti aliyelia hakuwa mpumbavu, na kwamba yeye naye anao uhuru wa taaluma, ambao ni kumpinga mwalimu wake bila ya kupoteza alama. Basi mwalimu ahakikishe kwamba mwenye jibu analipatia nafasi, na kwamba hakuna mwanafunzi anayefanywa mshtakiwa kwa ajili ya matendo ya babu zake. Ingaliwaita wazazi na kuwaeleza sababu, bila ya kuwaahidi kwamba watoto wao hawatasikia tena neno la kuwaudhi. Huenda hakuna upande ambao ungaliondoka ukicheka. Lakini kila upande ungaliondoka na karatasi yenye sababu, na sababu ni kitu ambacho mtu aweza kukijibu.

Basi, ewe kijana, usingoje mpaka uvae joho la chuo. Leo, katika mdahalo wa shule yenu, mwenzako atakaposema neno linalokuchoma, jiulize kabla ya kumzomea: je, ninalo jibu? Kama unalo, litoe. Kama huna, nenda ukalitafute katika vitabu na kwa wazee, na ukilikosa, uwe na moyo wa kukiri kwamba pengine yeye ndiye mwenye haki. Na ukiwekwa kuwa kiranja, ukaletewa mashtaka ya mtu, mwite kwanza umsikilize, kisha mpe sababu za uamuzi wako, hata kama ni mdogo wako wa kidato cha kwanza. Atakayezoea kufanya hivyo katika chumba cha viranja hatashindwa siku atakapoketi katika kamati ya chuo, na barua mbili ziko mezani mbele yake, na wakubwa wanamngojea nje ya mlango.